Sindano inamkwepa fundi, mama mzee anasoma bila miwani

SWALI: Jambo daktari. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kadutu, Bukavu, nina miaka 46. Tangu mwaka jana kutunga uzi kwenye sindano kunanishinda, zaidi jioni. Sokoni nilinunua miwani ya +2.50. Sindano naiona, lakini nikiinua kichwa kumtazama mteja mlangoni sura yake ni ukungu mtupu, na ikifika alasiri kichwa na shingo vinanigonga. Dada yangu ananiambia niache, eti nikiizoea macho yatalala kabisa. Duka la dawa walinipa matone, nayaweka kila siku, yanapoza. Kijana wangu wa miaka 11 naye anaweka daftari karibu na pua: naweza kumpa hiyo miwani, mimi nikanunua nyingine? Ajabu ni mama yangu mzazi. Ana miaka 71, na tangu Pasaka anasoma Biblia bila miwani aliyoivaa miaka yote. Yeye anaona, mimi nashindwa. Kuna nini kwenye macho ya familia yetu?

JIBU: Mama, nianze na lile lisilosubiri: miwani hiyo usimpe kijana. Ni miwani ya kumsaidia mtu mzima kuona karibu, na ukimvisha mtoto ambaye huenda shida yake ni kuona mbali, ubao wa shuleni utamzidia ukungu. Nitamrudia yeye mwishoni, maana habari yake inataka maelezo.

Kwanza wewe. Ulichonacho si ugonjwa, wala hukukipata kwa kushona usiku. Nyuma ya ule mduara mweusi wa jicho, yaani mboni, kuna lenzi ndogo iliyo angavu. Ukitazama milima ya ng'ambo ya ziwa, lenzi inalala bapa. Ukitazama sindano, msuli unaoizunguka unajikaza, lenzi inanenepa, na kitu cha karibu kinakuwa wazi. Kazi yote hiyo inategemea ulaini wake. Bugali ukiwa wa moto unaufinyanga unavyotaka, ukilala hadi asubuhi unakatika tu. Lenzi nayo inakakamaa pole pole tangu utotoni, kwa tajiri na maskini, kwa anayesoma vitabu na kwa mvuvi wa sambaza. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma herufi zilizo sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Aliyefika 40 anahitaji sentimita 20 na kitu. Kwa umri wako ni 30 na zaidi, na kwa mwenye miaka 60 inakaribia mita nzima. Daktari Mholanzi Franciscus Donders alishayaeleza haya mwaka 1864, na hadi leo hakuna chakula, zoezi wala matone yanayoirudishia lenzi ulaini wa utotoni. Anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakuuzia maneno.

Sasa jipime: ukitunga uzi, sindano unaishika umbali gani na uso? Mafundi wengi ni kama sentimita 25. Sindano imebaki pale pale ilipokuwa tangu ulipojifunza kazi. Mpaka wako wa kuona ndio umeipita.

Kwa nini jioni ndiyo inakuonea zaidi? Mwanga ukiwa mwingi mboni inajibana, na picha inayopita kwenye tundu dogo inakuwa kali hata kama lenzi haijatimiza kazi yake. Giza likiingia mboni inapanuka na ule msaada unaondoka. Ndiyo maana asubuhi ukikaa mlangoni unatunga mara moja, na saa kumi na mbili chini ya taa ya dari unalamba uzi mpaka ulimi unakauka. Sogeza taa. Iwe ubavuni, imulike kazi na si macho yako, karibu kuliko unavyodhani. Na ukitunga uzi mweusi, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano. Mafundi wa zamani walilijua hilo kabla yetu sisi wa koti jeupe.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya leo kwa vifaa vyako. Chukua kipande cha karatasi ngumu, hata cha boksi la uzi, ukitoboe kwa ncha ya sindano, tundu la kama milimita moja. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Lete tundu mbele ya jicho la pili na utazame maandishi yaliyokuwa na ukungu. Yakisafika, shida kubwa ni namna jicho linavyokusanya mwanga, na miwani inayofaa itakusaidia. Yakibaki vilevile au yakizidi kuwa mabaya, usihangaike na miwani kwanza, njoo uangaliwe ndani ya jicho. Sisi kliniki tunatumia kifaa hichohicho, tofauti ni kwamba chetu ni cha plastiki na kina matundu mengi.

Tuje kwenye miwani yako. Nguvu ya miwani inapimwa kwa dioptri, kipimo alichokipa jina Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Ni yuleyule aliyetunga ule ubao wa herufi tunaoutumia kwenye kliniki zetu za Kifaransa, wa kumi-juu-ya-kumi, na jina lake mwenyewe amelificha kwenye kingo mbili za ubao, linasomeka kutoka chini kwenda juu. Watu hupimwa miaka yote bila kuligundua. Hesabu ya dioptri ni rahisi: gawa 100 kwa namba ya miwani, utapata kwa sentimita umbali wa mwisho ambapo jicho linaloona mbali vizuri linaona wazi kupitia miwani hiyo. Ya +2.50 inaishia sentimita 40. Ya +2.00 inaishia 50. Ya +1.50 inafika 66. Kila kitu kilicho mbele zaidi ya hapo kina ukungu, na mteja wako mlangoni yuko mita tatu. Miwani haijaharibika, na macho yako pia hayajaharibika. Unaiomba kazi isiyo yake.

Na hapo ndipo shingo yako inapoingia. Kaa kwenye mashine kama kawaida yako, umwombe mtu apime kwa futi yako ya kushonea kutoka pembeni ya jicho lako hadi pale mguu wa mashine unapokanyaga kitambaa. Kwa mafundi wengi ni sentimita 45 hadi 50. Miwani yako inakoma kwenye 40. Kwa hiyo kutwa nzima unainama ili uifuate picha, hujui kama unainama, na jioni unasema kichwa kinauma kwa sababu ya macho. Kwa miaka 46, mtu ambaye mbali anaona vizuri kwa kawaida hutosheka na +1.50 hivi. Hiyo itakufikisha kwenye mashine bila kuinama, na lenzi yako, ambayo bado ina nguvu kidogo, itakusaidia kuisogelea sindano. Karibu na 50 utahitaji kama +2.00, ukifika 60 pengine +2.50, kisha namba inatulia. Usikimbilie namba kubwa kwa sababu inakuza zaidi pale sokoni. Watu wengi wanachagua hivyo, wanashika simu karibu na uso, wanafurahi, wanalipa.

Dada yako anasema macho yatalala. Namwelewa, kwa sababu anachokiona ni cha kweli: mtu anaanza na miwani, baada ya miaka kadhaa anataka ya namba kubwa zaidi, na akiivua anaona vibaya kuliko alivyokumbuka. Lakini lenzi ingekakamaa hivyohivyo hata kama miwani ingebaki kabatini. Na lile la kuona vibaya ukiivua ni kwa sababu sasa umeijua picha safi ilivyo, hutaki tena ile ya kubahatisha. Wanaokaa bila miwani hawaponi, wanapunguza kazi tu. Huko Assam, India, watafiti waliwagawa wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea makundi mawili: wengine walipewa miwani ya kuona karibu mara moja, wengine wakasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2018: waliovaa walizidi wenzao katika uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20. Hao walikuwa wakichuma majani, mama, hawakuwa wakishona vifungo. Nawe hesabu nguo ngapi umezifumua mwaka huu kwa sababu mshono ulipinda. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2019 juu ya macho, lilihesabu watu milioni 826 duniani wenye shida ya kuona karibu ambayo miwani tu ingeiondoa.

Je, miwani ya sokoni ni mbaya? Wenzangu wengine watakujibu ndiyo bila kupepesa. Mimi sisemi hivyo. Kwa mtu ambaye macho yote mawili ni sawa na mbali anaona vizuri, miwani ya dola chache iliyotengenezwa sawasawa inafanya kazi ileile. Shida ni kwamba ile ya mezani inadhani macho yako mawili ni pacha. Funika moja, soma, kisha funika la pili. Kama moja linaona vizuri kuliko lingine, ya sokoni si yako. Halafu ikague lenzi yenyewe: inyooshe mkono mzima mbele yako, tazama ukingo wa mlango kupitia kioo kimoja, uisogeze taratibu kulia na kushoto. Mstari wa mlango ukijipinda kama nyoka, irudishe mezani. Na kwa kazi yako ningependelea ile ya nusu kioo, inayokaa chini puani: mteja akiingia unamtazama juu yake, huvui wala huvai. Ifunge kamba shingoni. Usiifute kwa kipande cha kitenge kikavu chenye vumbi la chumba cha kushonea, hayo ndiyo yanayoichuna. Ioshe kwa maji na sabuni.

Ila kabla ya kununua nyingine, nataka upimwe mara moja na mtu wa macho, kwenye hospitali au kituo chenye huduma hiyo. Namba nimeshakutajia, utasema unakuja kutafuta nini. Unakuja kwa sababu ya presha ya jicho, glakoma. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni, haiumi, haiwashi, na mtu anaendelea kutunga sindano vizuri kabisa huku pembezoni kunazibika. Sisi watu weusi inatushika zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu, na inatembea kwenye damu za familia. Kilichopotea hakirudi. Kinachoweza kufanyika ni kukizuia kilichobaki, kwa matone ya kila siku au kwa upasuaji. Umri wa miaka 40 na kitu, pale miwani inapoanza kuhitajika, ndio wakati mzuri wa kuitafuta, na mtu aliyejinunulia miwani sokoni akaona vizuri hana sababu ya kuja kwetu. Hapo tu ndipo ninapogombana na meza za sokoni. Mwambie anayekupima kwamba unataka presha ya jicho ipimwe na mshipa wa nyuma uangaliwe, usiridhike na kusoma herufi peke yake. Na kama katika ndugu zenu kuna mzee aliyepofuka pole pole bila maumivu, litaje hilo.

Matone yako sasa. Hukunitajia jina, nami nina wasiwasi. Soma kwenye boksi: ukiona dexamethasone, prednisolone, betamethasone au neno lolote la jamii hiyo, hayo ni matone ya kotizoni. Yanapoza kweli, tena haraka, ndiyo maana watu wanayapenda. Yakitumiwa wiki nyingi bila daktari yanaweza kupandisha ile presha niliyoitaja na kuleta mtoto wa jicho. Kama ndiyo hayo na umeyaweka kwa muda mrefu, usisubiri mwezi ujao, na usinunue chupa nyingine. Kama ni machozi ya dukani tu, ya kulainisha jicho kavu, hakuna ubaya, ingawa sindano haitatungika kwa hayo. Chupa yoyote iliyofunguliwa zaidi ya wiki 4, itupe.

Mama yako mzazi amenifanya nitabasamu, kwa sababu habari hiyo tunaisikia mara kwa mara, na karibu kila familia inaileta kama muujiza. Sitaki kumharibia furaha yake ya kusoma Zaburi. Ila mwulize mambo mawili. Akikaa barazani, anamtambua mtu anayekuja njiani, au anangoja asikie sauti? Na usiku taa ya pikipiki ikimjia, inamwagika na kumpofusha? Nadhani majibu hayatakufurahisha. Kwa umri wake, lenzi ambayo kwako imekakamaa tu, kwake inaanza pia kuwa nzito katikati na kubadilika rangi. Ni mtoto wa jicho wa namna fulani. Lenzi ikiwa nzito hivyo inapinda mwanga zaidi, kana kwamba mtu amewekewa miwani ya kusomea ndani ya jicho. Karibu kunarudi, mbali kunaondoka. Inadumu miezi, wakati mwingine miaka, kisha ukungu unazidi na karibu nako kunafungika.

Si jambo la kukimbizana nalo usiku, lakini ajue. Hakuna matone wala majani yanayoyeyusha mtoto wa jicho, na asikubali mtu yeyote amtie kitu cha kienyeji jichoni. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa kwa jicho lililotiwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, na ya plastiki inawekwa mahali pake. Wa kwanza kuiweka alikuwa Mwingereza Harold Ridley, London, mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya kioo cha plastiki cha ndege za vita, vilivyowaingia marubani machoni, jicho lilivivumilia bila kuchachamaa. Wakubwa wa fani yake walimpinga miaka mingi. Leo ni upasuaji wa kila siku, hata kwetu Kivu. Mwambie pia ukweli huu, asije akahisi amedanganywa: baada ya upasuaji mbali kutamrudia, lakini kwa Biblia atavaa tena miwani.

Na wakati mko hospitali apimwe sukari ya damu, wewe pia. Sukari ikipanda, lenzi inabadilika ndani ya siku chache na mtu anaona tofauti, na miwani iliyopimwa siku hiyo haitamfaa sukari ikishashuka.

Kijana. Miaka 11, daftari puani. Inaweza kuwa haoni mbali, ndilo linalojulikana zaidi, na kutoka Kadutu una ubao mzuri wa kumpimia: msimamishe mahali mnapoona ziwa, mfunike jicho moja, mwulize boti ziko ngapi na zinaelekea wapi, kisha jicho la pili. Usimwambie ni mtihani, atabahatisha ili akupendeze. Lakini wapo watoto wanaosogeza daftari kwa sababu nyingine: jicho lililozaliwa na umbo lisilo duara sawasawa, au jicho moja lililokuwa dhaifu tangu utotoni na ubongo ukaamua kulisahau. Hilo la mwisho linatibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Kwa miaka 11 mara nyingi bado kuna cha kuokoa, na kila muhula unaopita unapunguza. Ndiyo sababu nataka yeye atangulie, kabla yako na kabla ya mama mzee.

Tena mtoto hapimwi kama sisi. Lenzi yake ni laini kiasi kwamba inaweza kuficha kosa la jicho zima wakati anasoma herufi. Kwa hiyo mpimaji anayejua kazi atamtia kwanza matone ya kulegeza ule msuli, asubiri, kisha apime. Mboni zitakuwa kubwa, mwanga utamchoma, na daftari hataliona vizuri siku hiyo, pengine na siku zinazofuata kutegemea aina ya matone. Msipange siku ya mtihani. Apate kofia yenye ukingo kwa ajili ya njia ya kurudi. Ukifika mahali wakampimia mtoto kwa mashine dakika mbili, bila matone, wakakupa karatasi ya miwani, uliza kwa heshima kwa nini hawakuyaweka. Akishapewa miwani aivae darasani kila siku, na mwalimu amketishe mbele mpaka itakapokuwa tayari. Wakati wa kucheza mwache atoke nje kwa saa za kutosha, kwa sababu mwanga wa nje umeonekana kupunguza idadi ya watoto wanaoanza kutoona mbali.

Anza na yeye wiki hii. Siku yako ikifika, njoo na sindano, uzi mweusi, kipande cha kitenge na ule umbali wa mashine uliopima kwa futi, ili wakujaribishie miwani kwa kazi yako yenyewe. Na ile chupa ya matone uje nayo, hata kama imeisha.